Baiskeli ya Injini Iliyozimika Korongoni

Habari ile ilimfikia Penina kwenye foleni ya maji, mahali ambapo habari zote za Sagalla hupitia kabla hazijafika kwa wenyewe. Jirani yake Tryphena alikuwa amekalia mtungi mtupu, anatafuna muwa, akasema kule Taveta kuna kijana aliyejiundia baiskeli ya injini. Siku moja jua likawa kali, mvuke wa petroli ukapenya kwenye kifuniko cha tangi, ukakutana na cheche.

"Halafu?" Penina akauliza.

"Halafu basi, Mama Mable. Yeye na baiskeli yake."

"Anaitwa nani huyo kijana?"

"Jina sikupewa. Mmoja aliniambia ni wa Taveta, mwingine akasema ni wa ng'ambo ya mpaka, Holili. Lakini aliungua, hilo hakuna anayelikataa." Tryphena akatema makapi ya muwa. "Sisemi kwa ubaya. Nasema kwa sababu nawe unayo mashine ya namna hiyo nyumbani."

Kweli alikuwa nayo. Iliegemea ukuta wa jikoni, na aliyeiunda ni binti yake mkubwa, Mable. Mable alikuwa amesomea ufundi wa magari chuoni, akamaliza, akazunguka magereji yote ya Voi akiambiwa arudi wiki ijayo, mwisho akapata kazi ya kupika kwenye hoteli karibu na steji ya matatu. Kazi ilikuwa nzuri ila nauli ya bodaboda kutoka mguuni mwa kilima mpaka mjini ilikuwa inameza mshahara. Basi akaichukua ile baiskeli nyeusi ya baba yake, ambaye siku hizi yuko shamba la katani upande wa Mwatate na hurudi mwisho wa mwezi. Akanunua kwa muuza vyuma chakavu injini ya mashine ya kukata nyasi iliyotupwa na hoteli moja ya watalii. Akaifunga juu ya gurudumu la nyuma, akaivutia cheni, na tangi akalifanya kwa kijitungi cha plastiki cha mafuta ya kupikia, amekifunga kwenye chuma cha katikati, kati ya magoti.

Siku ilipowaka mara ya kwanza kuku walikimbilia kwa jirani. Mlio wake ulikuwa mwembamba, wa kukereza, kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Lakini ilikwenda. Asubuhi Mable aliteremka mteremko bila kuwasha, akawasha akifika tambarare, na jioni akarudi nayo mpaka mguuni mwa kilima, pale penye mwinuko akashuka akaisukuma. Penina alikuwa ameanza kuizoea. Mpaka siku ya foleni.

Usiku huo hakulala vizuri. Alimwona kijana wa Taveta, asiye na jina wala uso, amekaa juu ya baiskeli, na kati ya magoti yake kuna kijitungi cha mafuta ya kupikia. Kulipokucha hakumwambia Mable kitu, maana alijua jibu: "Mama, hizo ni hadithi za foleni." Alichofanya ni kile mama yeyote angefanya, alishika kazi kwa mikono. Alichukua kipande cha gunia la katani, akakishonea kijitungi koti, limekibana pande zote, jua lisije likaipasha petroli moto. Kisha akaleta tyubu kuukuu na mkasi.

Mgeni wa Sagalla hawezi kulijua hili. Maji huku ni ya kutafutwa, na njia ya kuyaleta nyumbani ina mawe, kwa hiyo kila mtungi una mpira wake. Unakata duara kwenye tyubu ya baiskeli, unaliingiza ndani ya kifuniko, unakaza. Mtungi unaweza kulala chali juu ya punda siku nzima na tone lisitoke. Mtoto wa huku hujua kukata mpira wa mtungi kabla hajajua kuandika jina lake. Penina akakata wa kijitungi, mzuri, wa duara kamili, akaukandamiza ndani ya kifuniko, akakaza, akanusa. Hakukuwa na harufu hata kidogo ya petroli. Akashusha pumzi.

Mable alipotoka aliliona lile koti, akacheka. "Mama, umeivalisha sweta."

"Nimeikinga na jua."

"Haya, asante." Akafungua kifuniko kuangalia petroli, akafunga, akaenda zake. Mpira aliushika kwa vidole vyake mwenyewe asishangae, kama ambavyo hangeshangaa kukuta kamba kwenye ndoo ya kisima.

Wiki hiyohiyo baiskeli ikaanza kuzima.

Ingekuwa inazima popote, Penina angevumilia. Ilizima mahali pamoja tu. Ukitoka Voi kuja Sagalla unapita tambarare ya vichaka na mchanga mwekundu, na katikati yake kuna korongo kavu. Korongo hilo ni njia ya ndovu. Jua likianza kupoa wanatoka upande wa mbuga, wanavuka kwenda kutafuta mashamba ya watu, na kila mtu wa Sagalla anajua kwamba saa hizo hupiti pale polepole. Mable alikuwa akijaza petroli mjini anapotoka kazini, anakimbia vizuri, akikaribia korongo injini inaanza kukohoa, inapiga mlio wa kukatikakatika, kimya. Anashuka, anahangaika nayo, inawaka, anafika nyumbani na jasho.

Siku ya kwanza alimwambia mama yake akicheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu alifika giza limekwisha ingia, na alipoulizwa akasema tu kwamba alisikia matawi yakivunjika.

"Karibu?"

"Sikusimama kupima, Mama."

Sasa Penina alikuwa na hofu mbili, ya moto na ya ndovu, na hakujua ailaze ipi kwanza. Kila jioni, Mable akiwahi kurudi, kulikuwa na gunia limetandikwa uani na vyuma vimepangwa juu yake. Mable aliongea huku akifungua, kama mwalimu.

"Injini inataka vitu vitatu tu. Petroli, hewa na moto. Kimoja kikikosa, inalala. Sasa tunatafuta kilichokosa."

Alianza na moto. Akaichomoa plagi, akaisugua kwa msasa, akaigusisha kwenye chuma cha injini na kumwambia mama yake avute kamba ya kuwashia. Cheche ikaruka, ya bluu. "Moto upo." Akasafisha kichujio cha hewa, kikatoa vumbi jekundu la kutosha kukandika ukuta. Akafungua kabureta, akavipuliza vitundu vyake kimoja kimoja. Akabadilisha paipu ya petroli. Na kila mara, kabla hajawasha, alifungua kifuniko kuangalia kama petroli ipo, akakifunga, akavuta kamba, ikawaka mara moja. Kila mara akasema, "Ndiyo hiyo, nimeipata." Jioni iliyofuata ikazima korongoni.

Watu wakaanza kusaidia kwa maneno. Muuza duka alisema petroli ya siku hizi imetiwa mafuta ya taa. Tryphena alisema pale korongoni pana kitu, na kwamba yeye mwenyewe akipita pale hupatwa na baridi ya mgongo. Muinde, kijana wa bodaboda mwenye pikipiki nyekundu, alikuwa akimpita Mable barabarani na kumpigia honi.

"Fundi, leo umefyeka ekari ngapi?"

"Endelea na safari yako, Muinde."

"Nauliza tu. Hiyo mashine imezoea kukata nyasi kidogo kisha inapumzika. Ina haki zake."

Ijumaa Penina akasema neno lake. Alilisema akiwa anapepeta maharagwe, bila kuinua kichwa, na Mable akajua si mchezo.

"Kesho nakuja mjini. Jioni nitapanda kwa Muinde, tutakuja nyuma yako. Ikizima pale kesho, Jumatatu hiyo injini inarudi kwa muuza vyuma."

"Mama, utanifuata kama mtoto wa nasari?"

"Nitakufuata barabarani. Kazini sikujui."

"Na nikiirudisha nitakwenda kazini na nini? Nikiacha kazi, nani atamlipia Bravin shule?" Bravin ni mdogo wake, yuko kidato cha pili.

Penina akapuliza makapi. "Bravin atasoma na dada aliye hai," akasema.

Kesho yake jua lilikuwa bado liko juu ya kilima walipotoka Voi. Mable alijaza petroli, akakaza kifuniko kwa nguvu, akatangulia. Muinde alifuata kwa mwendo wa kobe, mguu mmoja ukining'inia, Penina nyuma yake ameshika mkoba wa sukari na sabuni.

"Mathe, huyu binti yako anaendesha vizuri," Muinde akasema. "Shida ni farasi."

"Angalia mbele."

Ile baiskeli ilikuwa inalia bila kusita. Wakapita nyumba za mwisho, wakaingia kwenye vichaka. Penina alikuwa ameanza kujiambia kwamba labda leo, labda ile paipu mpya. Kisha mlio ukakwama, ukatoka tena, ukakwama. Mbele yao Mable aliyumba, akaweka mguu chini. Korongo lilikuwa pale pale mbele yake.

Na ng'ambo ya korongo, upande wa kulia, vilele vya migunga vilikuwa vinatikisika na upepo haukuwapo.

Muinde aliona kwanza. Hakuzima pikipiki. "Mathe," akasema kwa sauti ya chini, na sasa hakukuwa na mzaha ndani yake. "Mwambie apande. Tukae watatu, tugeuze. Hiyo kitu tutaifuata kesho."

"Mable, njoo tuondoke," Penina akaita.

"Kesho hamtakuta baiskeli, mtakuta chapati," Mable akajibu, tayari amepiga magoti, spana mkononi. "Wako mbali. Nipe dakika moja nione plagi. Mama, nishikie isianguke."

Ndovu mmoja alitokeza kichwa juu ya vichaka, mkubwa, masikio yamefunguka. Nyuma ya miguu yake kulikuwa na mdogo, na hilo ndilo lililomtia Penina baridi, maana mama mwenye mtoto hana subira. Angeweza kumvuta Mable kwa mkono. Aliwaza hivyo. Lakini baiskeli ilikuwa inalala upande, akaidaka, akaikumbatia kwa mkono wa kushoto, na mkono ukaangukia kwenye lile koti la gunia alilolishona mwenyewe.

Kijitungi hakikuwamo.

Yaani kilikuwamo, lakini kilikuwa kimekonda. Mbavu zake zilikuwa zimeingia ndani, zimeshikana, kama shavu la mzee asiye na meno. Penina alikipapasa juu ya gunia. Mable alikuwa amekijaza mjini, na petroli ilisikika ikicheza ndani, kwa hiyo hakikuwa kitupu. Mitungi aliijua tangu akiwa mtoto. Aliwahi kuona mtungi ukifanya hivi: ukitia maji ya moto ukafunga na mpira, yakipoa mtungi hujivuta tumbo, na kifuniko unakifungua kwa meno. Mkono wake ukaenda kwenye kifuniko bila yeye kuutuma. Kiligoma. Akakaza kiganja, akakizungusha.

Kijitungi kikavuta pumzi. Kilisikika kabisa, fyuuu, mfyonzo mrefu wa hewa ikiingia, kisha mbavu zikarudi nje, pap, pap, chini ya gunia.

Mable akainua uso, plagi mkononi. "Umefanya nini?"

"Nimefungua tu."

"Kimelia nini hicho?"

"Kimepumua. Kilikuwa kimebonyea."

Mable akakichukua kile kifuniko, akakigeuza. Akakitazama kama mtu anayesoma jina lake kwenye gazeti. "Mama. Huu mpira ni wa nani?"

"Si ni wa mtungi."

"Mtungi gani?"

"Mitungi yote, Mable. Mtungi una mpira wake."

"Nilitoboa kitundu hapa. Kwa sindano ya magunia. Ili hewa iingie petroli ikitoka." Alikuwa anaongea polepole. "Mpira umekiziba. Petroli inatoka, hewa haiingii, mwisho petroli inashindwa kutoka. Asubuhi kijitungi kiko nusu, hewa iliyomo inanifikisha kazini; jioni nimekijaza, inaishia hapa. Na mimi kila nikishuka kitu cha kwanza ninafungua kifuniko niangalie. Naipa hewa mwenyewe, halafu nasema nimeitengeneza."

"Mathe, fundi," Muinde akasema nyuma yao. "Somo zuri. Yule mama pale ameanza kutusikiliza."

Mable aliung'oa mpira kwa ukucha, akautia mfukoni, akafunga kifuniko. Plagi ikarudi mahali pake. Kamba ya kwanza ikatoa kikohozi, ya pili ikawaka, na ule mlio wa nyigu ukajaa korongo lote. Penina alimtazama ndovu. Ndovu alitikisa masikio, akamgusa mtoto wake kwa mkonga, akabaki pale pale kana kwamba anangoja watu wenye kelele wamalize wapite. Wakapita. Muinde alimpitisha Mable mbele, na Penina alikaa ubavu ubavu juu ya pikipiki, shingo imegeukia nyuma, mpaka vichaka vikaisha na mbuzi wa watu wakaonekana.

Walisimama kwenye kibanda cha kwanza cha mguuni mwa kilima. Penina akashuka, akakaa juu ya jiwe. Kicheko kilimshika Muinde mpaka akaegemea pikipiki.

"Nyinyi watu wa Sagalla," akasema, "hata petroli mnaifungia kama maji. Mnaogopa itamwagika, nyumba ilale na kiu."

"Nyamaza wewe," Penina akasema, lakini naye alikuwa anacheka, machozi yakitoka, hajui ni ya kucheka au ni yale mengine. "Niliambiwa inalipuka. Niliambiwa mvuke unatoka kwenye kifuniko. Sasa ningeacha?"

"Nani alikuambia?"

"Tryphena."

Mable akaketi karibu yake juu ya jiwe, mikono myeusi ya grisi, bega kwa bega. "Ulitaka nisiungue, ukanisimamisha mbele ya ndovu wiki nzima."

"Ungeniambia kuna kitundu."

"Ungeniuliza."

Kisha Penina akasema kwamba mvuke bado ni mvuke, na plastiki kati ya magoti yeye haitaki, na katika hilo Mable hakubishana. Alikubali kwamba chuoni wangemcheka kwa kile kijitungi. Wiki iliyofuata alipata kwa yuleyule muuza vyuma tangi la bati la jenereta mbovu, lenye kifuniko chake chenye kitundu chake, akalifunga mbele, kwenye usukani, mbali na injini. Penina alilikagua, akalinusa, akaligonga kwa kidole. Hakuligusa tena.

Injini haikurudi kwa muuza vyuma. Siku hizi jioni Penina akiwa jikoni huusikia ule mlio mwembamba ukianzia mbali tambarare. Unafika korongoni, anashika mwiko bila kukoroga. Mlio haukatiki. Unavuka, unaendelea, unakua, na yeye anamimina unga kwenye maji yaliyochemka, kwa sababu ugali ukiiva Mable atakuwa anaisukuma baiskeli mlangoni. Kuna siku hajui kama alikuwa anasikiliza. Hizo ndizo siku anazozishukuru zaidi.

Juzi Pauline, mke wa binamu yake anayekaa Ronge, alimwambia kwamba mwanawe Austin ameanza kuokota vyuma na kuvipanga nyuma ya nyumba. Penina hakumwambia amkataze. Alimwambia mambo ya kuepuka, na mzazi mwingine yeyote mwenye mtoto wa namna hiyo ayasome hapa:

- Usizibe kitundu cha kifuniko cha tangi. Si kwa mpira, si kwa karatasi, si kwa sabuni. Tangi lazima livute hewa.
- Usitumie mtungi wa plastiki kama tangi. Tafuta la bati.
- Usiweke tangi juu ya injini wala karibu na ekzosi.
- Usijaribu cheche ya plagi huku tangi liko wazi au petroli imemwagika.
- Usiweke petroli ndani ya nyumba wanamolala watu, wala kwenye chupa ya soda.
- Usiongeze wala kupunguza kitu kwenye mashine ya mtu bila kumwambia, hata kama ni mwanao, hata kama ni kwa kumpenda.
- Usiseme imepona kwa sababu imewaka uani. Ipeleke mwendo wote, mchana, na mwenzako nyuma.
- Usishike spana kwenye njia ya ndovu. Acha chuma, ondoka.
- Usitengeneze kitu kwa habari ya mtu asiye na jina. Muulize aliyekiunda.
- Usipande bila breki mbili zinazoshika.